Somo kwa Vyama vya Msingi: Kulinda Hesabu za Chama kwa Diski Pacha katika Kompyuta ya Linux

Chama cha ushirika husimama juu ya nguzo mbili: mali ya wanachama, na kumbukumbu za mali hiyo. Mali isiyo na kumbukumbu huzaa ugomvi. Mkulima aletaye kilo 180 za kahawa ghalani hupewa stakabadhi, na uzito huo huandikwa katika leja yake. Siku ya malipo ya pili hakuna awezaye kumnyima haki yake, kwa maana maandishi yapo. Ndiyo sababu vitabu vya chama hufungiwa kabatini, na ndiyo sababu mkaguzi afikapo chamani huomba vitabu kabla ya kuomba kiti.

Leo vyama vingi vimehamishia leja zao katika kompyuta. Kazi imekuwa nyepesi: jumla hupatikana papo hapo, na orodha ya malipo huchapwa kwa dakika chache. Lakini wepesi huo umekuja na hatari yake. Leja zilizokuwa zikijaza kabati zima sasa zimo ndani ya diski moja inayoenea kiganjani. Kabati halifi usiku, diski hufa. Chama chenye wanachama 600 na diski moja tu kimewaweka wanachama wote 600 juu ya tawi moja.

Somo hili laeleza namna ya kuunganisha diski mbili au zaidi katika kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, ili moja ikifa kazi isisimame na hesabu zisipotee. Utaratibu huo huitwa RAID. Viongozi wasome sehemu zote. Amri za kompyuta ni za karani au fundi aliyepewa dhamana.

1. Kwa nini diski hufa

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake vichwa vidogo vya kusomea vinavyoelea bila kuzigusa. Joto, mtikisiko, umeme unaopanda na kushuka, na uchakavu wa miaka huidhoofisha. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, lakini nazo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na baadhi hufa ghafla bila dalili. Hakuna diski isiyokufa. Kwa hiyo busara si kutafuta diski ya milele, bali ni kupanga mambo ili kifo cha diski moja kisiwe msiba wa chama.

2. RAID ni nini

Jina hili lilienea tangu mwaka 1988, wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipoandika kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa kwa utaratibu zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya ghali. Kompyuta huziona diski hizo kama diski moja. Zipo namna kadhaa za kuziunganisha, na kila namna hutajwa kwa namba.

RAID 0. Data hukatwa vipande na kugawanywa kati ya diski mbili. Kasi huongezeka, na diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 8. Lakini hakuna kinga yoyote: diski moja ikifa, zote mbili zimepotea. Namna hii haifai kabisa kwa hesabu za wanachama.

RAID 1. Kila kiandikwacho katika diski ya kwanza huandikwa pia katika ya pili, kama stakabadhi na kivuli chake cha karatasi ya kaboni. Diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu, lakini moja ikifa nyingine inayo yote.

RAID 5. Huhitaji diski 3 au zaidi. Ili kuielewa, mtunza vitabu na afikirie mstari wa jumla. Diski ya kwanza ina 240, ya pili ina 310, na ya tatu imeandikwa jumla, 550. Diski ya pili ikifa, kompyuta huchukua 550, huondoa 240, na 310 hurudi. Kwa kweli kompyuta hulinganisha moja na sifuri badala ya kujumlisha, na nafasi ya jumla huhamahama kati ya diski zote, lakini maana ni ile ile. Diski tatu za terabaiti 4 hutoa terabaiti 8. Diski mbili zikifa pamoja, mstari wa jumla hauwezi kusaidia.

RAID 6. Huweka hesabu mbili za kuhakiki badala ya moja, hivyo hustahimili kifo cha diski mbili. Huhitaji diski 4 au zaidi.

RAID 10. Diski huunganishwa mbili mbili kama pacha, kisha kazi hugawanywa kati ya jozi hizo. Kwa kawaida hutumia diski 4. Ina kasi na kinga, ila nusu ya nafasi hutumika kwa nakala.

3. Chama kichague ipi

Kwa chama cha msingi, RAID 1 yatosha. Leja za wanachama, mizani ya ghala na barua za chama hazijazi hata sehemu ndogo ya diski moja ya leo. RAID 1 ni rahisi kueleza, rahisi kukagua, na ikiharibika ni rahisi kutengeneza. Chama kikuu kinachotunza picha za hati nyingi au kumbukumbu za vyama vingi chaweza kufikiria RAID 6 au RAID 10.

RAID 5 yavutia kwa sababu ya nafasi, lakini ina jambo la kuangaliwa. Diski mpya inapochukua mahali pa iliyokufa, diski zote zilizobaki hazina budi kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Diski ya terabaiti 4, ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7. Katika saa hizo seti haina kinga, na diski zilizobaki, ambazo umri wao ni ule ule, zinafanya kazi kuliko siku zote.

Wakati wa kununua, kamati izingatie mambo mawili. Kwanza, ni vema diski zisiwe za toleo moja lililotoka kiwandani siku moja, maana zenye kasoro moja huenda zikafa kwa kufuatana. Pili, zisinunuliwe diski za aina ya SMR, ambazo mistari yake ya kuandikia hulaliana kama vigae vya paa. Hizo huenda polepole mno wakati wa kujaza diski mpya.

4. Maandalizi

Mfano wa somo hili ni kompyuta yenye diski tatu. Ya kwanza, sda, ina mfumo wa Linux. Mbili nyingine, sdb na sdc, ni mpya na tupu. Hizo ndizo zitakazokuwa pacha. Amri hutolewa na mtumiaji mkuu wa mfumo, aitwaye root.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua diski:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Orodha itaonyesha jina, ukubwa, muundo na namba ya kiwandani ya kila diski. Namba hiyo ya kiwandani ndiyo kitambulisho cha kweli. Jina kama sdb laweza kubadilika kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Namba ya kiwandani haibadiliki. Fundi aandike namba hizo katika daftari la mali ya chama, kisha abandike karatasi yenye namba hiyo juu ya kila diski mahali inapoonekana. Kazi hii ya dakika tano ndiyo itakayookoa chama siku ya matata, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.

Hatua ya pili ni kuweka programu inayohusika, iitwayo mdadm, ambayo iliandikwa na Neil Brown mwaka 2001. Katika Linux za ukoo wa Debian na Ubuntu amri ni hii:

apt install mdadm

5. Kuunda seti

Onyo: amri zifuatazo hufuta kila kilichomo katika diski zinazotajwa. Yafaa watu wawili wasimame pamoja, mmoja asome namba na mwingine ahakiki, kama ifanywavyo wakati wa kuhesabu fedha.

Kwanza, kila diski hutengewa sehemu moja kubwa, ikiachwa asilimia moja mwishoni. Nafasi hiyo huachwa kwa sababu diski itakayonunuliwa baadaye yaweza kuwa ndogo kidogo kuliko ya sasa, ingawa zote zimeandikwa terabaiti 4.

parted -s /dev/sdb mklabel gpt mkpart raid 1MiB 99% set 1 raid on
parted -s /dev/sdc mklabel gpt mkpart raid 1MiB 99% set 1 raid on

Pili, seti yenyewe huundwa:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

Programu itauliza kama kazi iendelee. Fundi ahakiki majina mara ya mwisho, kisha akubali. Tangu hapo kompyuta inaona diski mpya moja iitwayo md0. Kazi ya kulinganisha pacha huanza chinichini, na maendeleo yake hutazamwa hivi:

cat /proc/mdstat

Mstari mmoja wa jibu utakuwa na alama [UU]. Kila U ni diski moja iliyo hai na kamili. Ikionekana [U_], diski moja haipo au bado haijakamilika. Kila karani wa chama aijue alama hii kama ajuavyo mizani iliyokaa sawa.

Tatu, md0 huandaliwa kupokea faili, hutengenezewa folda, na kufunguliwa:

mkfs.ext4 /dev/md0
mkdir /hesabu
mount /dev/md0 /hesabu

Nne, mpango huandikwa ili kompyuta iukumbuke kila inapowashwa:

mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf
update-initramfs -u

Tano, amri blkid /dev/md0 huonyesha kitambulisho cha UUID. Hicho huandikwa katika faili la /etc/fstab kwa mstari mmoja, mahali pa NAMBA pakiwekwa kitambulisho chenyewe:

UUID=NAMBA /hesabu ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail huiwezesha kompyuta kuwaka hata kama seti imekosekana. Lakini siku hiyo folda ya /hesabu itakuwa tupu, na karani asiyeangalia ataandika kazi ya kutwa katika diski ya mfumo, isiyo na pacha. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kupokea mzigo wa kwanza, karani ahakikishe kwamba faili za jana zimo.

6. Diski inapokufa

Haifai kungoja msiba ili kujifunza mazishi. Kabla ya kuingiza hesabu halisi, fundi aweke faili chache za majaribio, kisha aijulishe kompyuta kwamba diski moja ni mbovu, ingawa ni nzima:

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1
mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdc1

Alama ya [UU] itageuka kuwa [U_]. Faili za majaribio zitafunguka kama kawaida, na wajumbe wa kamati waalikwe waone kwa macho yao. Kisha diski irudishwe:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1

Siku diski itakapokufa kweli, utaratibu ni ule ule, ila kati ya kuondoa na kurudisha kompyuta huzimwa, diski mbovu hutolewa, mpya huwekwa na kutengewa sehemu kama katika hatua ya kwanza ya kuunda seti. Kabla ya kutoa diski mpya amri, fundi aangalie tena kwa lsblk inaitwaje sasa.

Hapa ndipo karatasi yenye namba ya kiwandani inapolipa. Diski mbili zilizo ndani ya sanduku hufanana kama mayai. Fundi mwenye haraka aweza kuchomoa ile nzima na kuiacha mbovu. Na akifuta ile nzima akidhani ni mbovu, hesabu zote zimekwenda. Hivyo asiguse bisibisi kabla ya kusoma namba kwenye kompyuta, kwenye daftari na kwenye karatasi, na zote tatu ziwe zimekubaliana.

Ikiwa kilichokufa si diski pacha bali ni kompyuta yenyewe au diski ya mfumo, hakuna sababu ya hofu. Mpango wa seti umeandikwa ndani ya diski zenyewe. Diski hizo zihamishiwe katika kompyuta nyingine yenye Linux na mdadm, na amri hii itazikusanya:

mdadm --assemble --scan

7. Ulinzi wa kila siku na wa kila mwezi

Ubora wa RAID 1 ndio pia udhaifu wake: diski moja ikifa, kazi haisimami, na asiyeangalia hatajua. Chama chaweza kufanya kazi miezi sita juu ya diski moja kikiamini kina mbili; ya pili ikifa ndipo ukweli hujulikana. Kwa sababu hiyo mambo manne hayana budi kufanywa.

La kwanza, katika faili la mdadm.conf uandikwe mstari wa MAILADDR wenye anwani ya barua pepe ya meneja na si ya fundi peke yake, na kompyuta iwe na programu ya kutuma barua. Kisha ijaribiwe kwa amri mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Barua isipofika, ulinzi huo haupo.

La pili, karani aangalie /proc/mdstat kila Jumatatu na kutia sahihi katika daftari.

La tatu, mara moja kwa mwezi diski zote zisomwe na kulinganishwa, ili kasoro iliyojificha katika faili zisizofunguliwa igundulike mapema. Mifumo ya Debian hupanga kazi hiyo yenyewe. Kwingineko huanzishwa kwa amri echo check > /sys/block/md0/md/sync_action.

La nne, kompyuta iwe na kifaa cha UPS cha kuishikilia umeme ukatikapo, ili iweze kuzimwa kwa utaratibu.

8. RAID si nakala ya akiba

Hili ndilo jambo ambalo wengi huteleza. Pacha hufanya kila afanyacho mwenzake. Karani akifuta leja kwa bahati mbaya, imefutwa katika diski zote mbili kwa nukta ile ile. Virusi vya kufunga faili vikiingia, vimefunga zote mbili. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote mbili. Radi na moto havichagui.

Ushahidi upo hata kwa makampuni makubwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akishughulikia hitilafu usiku, alifuta folda ya kumbukumbu kwenye seva isiyokusudiwa. Ilipotafutwa nakala ya akiba ya kila siku, ilionekana kwamba kazi ya kuichukua ilikuwa ikishindikana, na barua pepe za kuarifu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa kazi nyingine takriban saa sita kabla, na kumbukumbu za saa hizo zikapotea.

Tena, tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jingine. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Baadhi ya wale ambao nakala zao hazikuwapo kwingine walipoteza kila kitu, na wingi wa diski ndani ya jengo lile haukuwafaa.

Kanuni ya kufuata ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya ofisi. Kwa chama cha msingi, seti ya RAID ihesabiwe kuwa nakala moja tu. Ya pili iwe katika diski ya nje inayochomekwa jioni, ikaandikwa, ikachomolewa na kufungiwa kabatini. Ya tatu, iliyofungwa kwa neno la siri, ipelekwe kila wiki katika sefu ya chama kikuu. Na kila baada ya miezi mitatu irudishwe leja ya mwanachama mmoja kutoka katika nakala hiyo, ilinganishwe na stakabadhi zake. Nakala isiyowahi kurudishwa ni ahadi tu.

9. Diski mbovu isitupwe

Diski iliyokataa kufanya kazi bado ina majina, namba za simu na hesabu za wanachama, na fundi wa mjini aweza kuzisoma. Isiuzwe kama chuma chakavu wala kurudishwa dukani bila kufikiriwa. Kwa vyama vya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Diski ivunjwe mbele ya mjumbe wa kamati: ile ya sahani itobolewe mpaka sahani, ile ya SSD ivunjwe vipande vyake vya kumbukumbu. Kisha namba yake ya kiwandani ifutwe katika daftari la mali kwa muhtasari wenye sahihi.

Hitimisho

Gharama ya diski ya pili ni ndogo ikilinganishwa na msimu mmoja wa mazao usio na kumbukumbu. Mwanachama aliyeleta kahawa yake ghalani hakuikabidhi kwa kompyuta. Aliikabidhi kwa chama. Siku atakapouliza kilo zake ziko wapi, jibu la kwamba diski imekufa si jibu la ushirika.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa kamati

1. Hesabu za chama chetu zimo katika diski ngapi leo, na ni nani anayejua?
2. Diski moja ikifa usiku wa leo, nani atapata habari, na kwa njia gani?
3. Ofisi ikiungua, leja ya mwanachama itapatikana wapi, na ya tarehe gani?
4. Ni lini mara ya mwisho nakala ya akiba ilirudishwa na kulinganishwa na stakabadhi?
5. Namba za kiwandani za diski zimo katika daftari la mali? Mkaguzi ajaye aonyeshwe ukurasa.